Mfanyakazi wa Tatu kwenye Orodha

Chumba cha juu, juu ya duka la viatu
4 Machi

Kwa Mwenye Karakana,

Sikutegemea kukuandikia tena, na nadhani nawe hukutegemea. Ni ofisi ya kodi iliyonilazimisha, kwa hiyo usijenge matumaini.

Jana nilikwenda kuomba cheti cha kuonyesha kwamba sidaiwi kodi. Naanza biashara yangu mwenyewe ya kushona. Hospitali ya hapa imekubali kunipa magauni mia mbili ya wauguzi, lakini lazima niwe na cheti hicho kabla ya tarehe 30 Aprili, la sivyo kazi inakwenda kwa mwingine. Karani akaingiza namba yangu kwenye kompyuta, akaitazama skrini, akanitazama mimi, akasema, "Mbona wewe umeajiriwa? Mwajiri wako amekukata kodi mwezi uliopita." Nikamwambia amekosea mtu. Akanigeuzia skrini nisome mwenyewe. Karakana ya samani. Jina langu. Mshahara ule ule niliokuwa nao siku naondoka, kila mwezi, mara mia na nane.

Miaka tisa, Baba! Miaka tisa sijakanyaga hapo, hujui kama naishi au nimekufa, kumbe kwenye karatasi zako naamka kila asubuhi nakuja kukuandikia risiti.

Hesabu zako hazikuwahi kuwa nzuri, lakini hii si hesabu mbaya, hii ni ujanja. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mishahara unaitoa kwenye mapato kwanza, kinachobaki ndiyo faida, na kodi yako unatozwa kwenye faida. Kumbe somo lilikuingia vizuri. Umeweka mfanyakazi hewa ili faida ionekane ndogo, na huyo mfanyakazi hewa ni mtoto wako wa kumzaa. Aibu sina mimi, unayo wewe.

Karani anasema njia ni mbili. Ama nikubali kwamba nilikuwa nafanya kazi kwako, nieleze mshahara wa miaka tisa niliupeleka wapi. Ama wewe ujaze fomu ya mfanyakazi aliyeacha kazi, uandike tarehe ya kweli na sababu, utie sahihi, halafu hizo ritani zako, taarifa za kodi unazopeleka kila mwezi, ukazitolee maelezo mwenyewe. Fomu ndiyo hii. Nimekuwekea na bahasha yenye stempu, usije ukasema ulikosa stempu.

Nina mafundi wawili wanaonitegemea. Usinicheleweshe.

Mfanyakazi wako, kwa mujibu wa kompyuta ya serikali


Karakana
13 Machi

Penseli wangu,

Marahaba. Najua hukuniamkia. Nimeitafuta shikamoo juu, chini na nyuma ya karatasi, haipo, lakini nimeitikia hivyo hivyo maana kuitikia hakutozwi kodi.

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Niliujua mwandiko kabla sijaishika, ile K yako yenye mguu mrefu. Nikaiweka mezani siku mbili bila kuifungua, nikawa napita naiangalia. Usinicheke.

Usijaribu kupiga simu, utapoteza pesa bure. Masikio yamekwisha, mwanangu. Ule msumeno mkubwa umeyala yote mawili, la kushoto likatangulia. Kwa hiyo tuandikiane, na mimi sina haraka.

Huku hatujambo. Fundi Randa anakusalimu sana, mgongo unamsumbua ila mdomo hauumwi. Naye Mpaka Rangi yupo, bado anaimba akipaka vanishi, na hapo ndipo uziwi unaponisaidia. Kazi ni nyingi mno, hata pa kuweka mguu hapana. Makabati, vitanda, meza, tunashindwa kupumua.

Na wewe mafundi wawili! Hongera, mama. Unawalipa kwa siku au kwa mwezi? Walipe kwa mwezi na uwaandikishe siku ile ile ya kwanza, usifanye mambo ya kienyeji. Unaona, nakumbuka.

Kuhusu fomu, nimeisoma. Ina vijisanduku vingi na macho si yale uliyoyaacha. Ila kabla sijaijaza nina swali, maana mwalimu ni wewe. Ile kadibodi uliyoniandikia, "Namna ya Kulipa Mishahara, Hatua Nane", bado imepigiliwa ukutani juu ya meza. Sasa gundi imerukia hatua ya tano, haisomeki. Mchango wa akiba ya uzeeni unakatwa kabla ya kodi au baada? Nieleze taratibu, kwa urefu, usiruke kitu. Ukishanijibu ndipo nitaiangalia fomu kwa utulivu.

Swali la pili: unakula?

Baba yako


Chumba cha juu
19 Machi

Baba,

Kabla. Unachukua mshahara kamili, unatoa kwanza mchango wake wa uzeeni, na kinachobaki ndicho unachokikata kodi. Halafu unaongeza mchango wako wewe mwajiri. Huo hautoki kwenye mshahara wake, unatoka mfukoni kwako. Vyote unavipeleka kabla ya tarehe tisa ya mwezi unaofuata, ukichelewa kuna faini. Hiyo ndiyo hatua ya tano, na nimekuandikia na ya sita na ya saba humo humo, kabla hujaniambia kwamba gundi imezirukia na hizo.

Sasa nisikilize. Makato yangu umeyafanya sawasawa mara mia na nane, nimeona kwa macho yangu. Asiyejua kitu hakipatii mara mia na nane. Unanizungusha, na unajua kwamba najua.

Na hiyo tarehe lazima uiandike wewe. Nikisema nilikuwa nafanya kazi kwako, nitakuwa nimedanganya serikali kabla hata sijakata kitambaa cha kwanza. Nikisema sikuwa nafanya kazi, wewe ndiye uliyedanganya. Hakuna namna ya tatu. Nimekesha nikiitafuta, haipo.

Na wewe mwenyewe je? Mwenye biashara hayumo kwenye orodha ya mishahara. Anachochukua si mshahara, ni faida yake, kwa hiyo hakuna wa kumwekea cha uzeeni asipojiwekea. Nilikuambia ujiandikishe kama mchangiaji wa hiari. Nilikuandikia mpaka jina la ofisi na mlango wa kuingilia. Ulijiandikisha?

Usijibu. Sitaki maongezi, nataka fomu. Nimemwandikia Mpaka Rangi, kwa anwani ya dada yake, akusimamie mpaka utie sahihi.

Ninakula.

Na Penseli ni jina la mtoto. Jina langu limeandikwa juu ya fomu.


Kwa dada, nyuma ya gereji
26 Machi

Dada Penseli,

Habari za siku nyingi. Barua yako nimeipata kwa dada yangu, ndiyo maana nimechelewa. Nimeisoma mara mbili nikajiuliza, huyu anaandika habari za mwaka gani?

Mimi karakana niliacha, huu mwaka wa nne. Siku hizi napaka rangi magari. Na Fundi Randa, dada, tulimzika mwaka juzi. Pole, nilidhani mzee alikuambia. Sanduku alilitengeneza mzee mwenyewe, akakataa malipo.

Tangu hapo yuko peke yake. Ile milango miwili ya mbele, mmoja kaupigilia mbao. Anatengeneza vigoda na viti vya shule vilivyovunjika, akiletewa. Nilipita mwezi wa kumi na mbili, nikapiga hodi mpaka mkono ukaniuma, nimesahau kwamba hasikii. Nikaingia tu. Nikamkuta amekaa pale kwenye meza ya mishahara, kalamu mkononi, shati safi. Nikaangalia kalenda. Tarehe 25.

Kuhusu fomu, asikudanganye habari za macho. Yangu aliijaza siku ile ile niliyoaga, akanipa na nakala. Ya Fundi Randa aliipeleka mwenyewe kwa miguu, wiki ile ile ya msiba, akasema marehemu asidaiwe kitu. Fomu hiyo anaijua kuliko makarani.

Kuna jambo sijui kama nilipaswa kukuambia zamani. Unaukumbuka utaratibu wake. Tarehe 25 saa kumi jioni anakaa mezani, anaita jina, na husogei mpaka uitikie "Nipo!", ndipo utie sahihi na kupewa bahasha. Ulipoondoka tukajua atakuruka. Alimwita Fundi Randa, akaniita mimi, halafu akaita "Penseli!" Tukatazamana. Akasubiri kidogo, akaiweka bahasha yako kwenye droo, akafunga. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Fundi Randa alimwuliza mara moja tu, akaambiwa ashughulike na randa yake. Basi tukazoea. Mimi nilikuwa nasema moyoni, huyu mzee akili zinaanza kuhama, unisamehe.

Kodi mimi siijui. Ila ujanja sikuuona.

Kumsimamia siwezi, dada. Msimamie wewe.

Mpaka Rangi


Chumba cha juu
2 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimepata barua ya Mpaka Rangi.

Umenipa salamu za marehemu. Ukaniandikia mgongo unamsumbua, na mimi nikacheka peke yangu hapa, nikamwona kabisa Fundi Randa ameshika kiuno anasema watu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika nyundo. Alikuwa ananipa misumari mibovu ninyooshe, kila uliponigombeza nikakimbilia kwake. Mwaka juzi mlimzika na hakuna aliyeniambia. Najua, anwani sikukuachia. Lakini sasa unayo, na bado hukuniambia.

Basi nami niseme ukweli, maana mmoja wetu lazima aanze. Sina mafundi wawili. Nina cherehani moja na kiti kimoja. Mgeni akija nitamkalisha kitandani, ila hajaja bado.

Miaka yote hii nilikuwa nashona kwa Madamu mmoja. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye ukumbi mmoja, tunalipwa mkononi kila Jumamosi. Hakuna slipu, hakuna makato, hakuna jina kwenye karatasi yoyote. Mimi, niliyekupigilia kadibodi ukutani! Nilijua ni makosa tangu wiki ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu ya kodi ya chumba. Nilipoaga nikamwomba barua, mistari miwili tu, kwamba nimemfanyia kazi. Akaniangalia usoni akasema hanijui. Wasichana wengine wakainamia vitambaa vyao.

Ndiyo maana nilipoona kwenye ile skrini kwamba kuna mtu amekaa akiandika jina langu kila mwezi, nilirudi nyumbani nikashika kalamu. Nilikuandikia kwa hasira. Mpaka leo sijui kama ilikuwa hasira peke yake.

Fomu bado naitaka, siku zimebaki ishirini na nane. Lakini nataka na jibu. Wenzangu uliwatoa kwenye orodha wiki ile ile walipoondoka. Mimi ulishindwa nini?

Binti yako


Karakana
10 Aprili

Penseli wangu, au hilo jina lililo juu ya fomu, ukipenda,

Marahaba. Hiyo shikamoo nimeisoma mara nyingi kuliko barua yenyewe.

Nisamehe kwa Fundi Randa. Nilipoandika jina lake kwenye karatasi nikaona ni vizuri, tuko watu humu ndani, nikashindwa kufuta. Makabati hayapo. Vitanda havipo. Jana nimefunga mguu wa kiti kimoja cha mwalimu, basi, nikafagia.

Umeniuliza nilishindwa nini. Unaikumbuka siku ile. Mteja wa makabati amesimama mlangoni, wewe umeshika kibao kipya umekipiga msasa mwenyewe, ukasema, "Baba, tuandike Karakana ya Baba na Binti." Mimi nikacheka. Nikasema mbele ya mteja, mbele ya mafundi, "Wewe hapa ni mwajiriwa tu kama wengine. Ukitaka kibao, kaweke kwako." Mteja akacheka, nami nikanogewa, nikairudia. Ilikuwa tarehe 24. Asubuhi chumba chako kilikuwa kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mshahara. Nikasema hawezi kuuacha mshahara wake, ameufanyia kazi, atakuja saa kumi hata kwa kununa. Nikavaa shati safi. Nikaita. Mwezi wa pili nikasema aah, ana kiburi cha marehemu mama yake, huyu ni wa kusubiriwa miezi miwili. Mwezi wa tatu nikaenda kuchukua fomu.

Nilijaza namba. Nilijaza tarehe. Nikafika pale panaposema "Sababu ya kuacha kazi", na vijisanduku vyake: amejiuzulu, amefukuzwa, amestaafu, amefariki, nyinginezo. Kujiuzulu hukujiuzulu. Kukufukuza sikukufukuza, ingawa nikiangalia vizuri nilikufukuza. Nikakaa hapo mpaka chai ikapoa. Nikaiweka fomu kwenye droo, nikaandika jina lako kwenye orodha ya mwezi ule. Nikasema ni mwezi huu tu.

Nikikulipia mchango wako, siku hiyo nalala vizuri. Najua kuna kitabu mahali fulani serikalini kimeandikwa mimi na wewe, mwajiri na mwajiriwa, mstari mmoja. Sikuwa na kitu kingine chenye majina yetu mawili.

Pesa yako sikuila. Bahasha zipo mia na tisa, maana na ya mwezi uliopita niliijaza, hata baada ya matusi yako. Ile ya kwanza kabisa ni jasho lako, hakuna wa kukuuliza. Ila niseme kweli, miaka ya njaa nilizikopa. Utakuta vikaratasi ndani: "Nimechukua, gundi." "Nimechukua, umeme." Nilikuwa narudisha. Za mwaka jana na mwaka huu sijarudisha. Unisamehe au unishtaki, vyote ruksa.

Tangu masikio yafe, nabadilisha kidogo. Naita jina lako, halafu nahesabu kimya mpaka kumi, muda wa mtu kuitikia na kufika mezani, kwa sababu hata ungeitika kutoka mlangoni nisingesikia. Halafu nageuka kutazama. Halafu nafunga droo.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kodi na boksi la bahasha. Afisa ni mama mmoja mpole, akawa ananiandikia maswali kwenye karatasi. "Alifanya kazi?" Nikasema hapana. "Alipokea pesa?" Hapana. Akaandika, "Basi huu si mshahara." Nikamwuliza, sasa ni nini? Akafikiri sana, akatazama bahasha, akaandika: "Hatuna fomu ya hiyo."

Akanihesabia. Kwa kuwa si mshahara, sikupaswa kuutoa kwenye mapato, kwa hiyo faida yangu ya miaka yote imepanda, na kodi imepanda, na juu yake faini. Ile kodi niliyokuwa nakukata imeingizwa humo, ikapunguza kidogo. Kwa hiyo ulisema kweli kwamba faida yangu ilionekana ndogo. Mimi sikuwahi kuiangalia upande huo, lakini kodi haiulizi uliangalia upande gani. Nitauza msumeno mkubwa. Umekula masikio yangu, acha na wenyewe utoe kitu.

Michango ya uzeeni afisa alisema naweza kuidai inirudie, kuna fomu. Hiyo nimekataa kuishika. Michango imekaa kwa jina lako na itakaa kwa jina lako. Madamu wako hakujui, sawa, ila wakikuuliza uzeeni nani aliyekujua, waonyeshe.

Uliniuliza kama nilijiandikisha mchangiaji wa hiari. Mwanangu, pesa ilitosha mtu mmoja.

Fomu yako hii hapa, imejazwa. Tarehe nimeandika ile ya kweli, ili wewe usilazimike kusema uongo hata mmoja. Sababu ya kuacha kazi nimeieleza, na usinirekebishe.

Afisa ameniambia na jambo jingine. Maadamu usajili wangu wa mwajiri haujafungwa, lazima nipeleke ritani kila mwezi hata kama sina mtu. Naandika sifuri tu. Kwa hiyo tarehe 25 hii nitakaa mezani kwa mazoea, niandike sifuri, lakini sina wa kumwita. Sijui saa kumi nitafanya nini.

Baba yako

[Ndani ya bahasha, fomu. Karibu na mwisho, kwa wino wa bluu:]

Tarehe ya kuacha kazi: 24 Machi, miaka tisa iliyopita.
Sababu ya kuacha kazi: Nyinginezo.
Eleza: Hakuwa mwajiriwa. Alikuwa mwanangu. Mimi nilikosea kusema.


Chumba cha juu
25 Aprili

Shikamoo Baba,

Cheti nimekipata jana. Karani aliisoma fomu yako, akainuka, akaenda nayo chumba cha ndani, akakaa huko. Nikajua imeharibika. Akarudi na muhuri, akagonga, hakuniuliza swali hata moja. Kazi ya hospitali ni yangu.

Bahasha usinitumie. Anza nazo kulipa kodi na faini, zikiisha ndipo uuze msumeno. Randa ya Fundi Randa usiiuze. Ile bahasha ya kwanza tu niwekee, nitaichukua kwa mkono wangu.

Kuja sasa siwezi. Magauni yanatakiwa mwisho wa mwezi wa sita, na nikiacha cherehani wiki moja nimekwisha. Nakuambia kweli, siwezi kukuahidi tarehe.

Humu nimekuwekea fomu ya mchangiaji wa hiari. Sehemu ya juu nimeijaza mimi, wewe weka sahihi tu, na usiniambie habari za macho. Pia nahitaji meza ya kukatia vitambaa, urefu futi nane, miguu ya kufungua ili ipite kwenye ngazi. Niandikie bei halali na risiti, maana nitaitoa kwenye mapato yangu. Na wewe bei hiyo uiandike kwenye mapato yako, tusianze tena.

Nami nimejiandikisha kuwa mwajiri, tayari kwa siku nitakapopata mtu. Sina mtu. Kwa hiyo kila mwezi, kabla ya tarehe tisa, nitakuwa naandika sifuri, na wewe unaandika sifuri. Usiufunge usajili wako.

Leo ni tarehe 25. Najua barua hii itakufikia baada ya wiki, na saa kumi ya leo utakuwa umeshakaa mezani na shati lako safi. Nimesimamisha cherehani saa kumi kasoro dakika tano. Nimekaa kwenye kiti changu, nikaangalia saa. Saa kumi kamili nikasimama, nikaitika kwa sauti kubwa, peke yangu humu chumbani, mpaka mwenye duka la viatu akatoka nje akauliza kutoka chini, "Nani anakuita?" Nikamwambia Baba.

Najua hukusikia. Kwa hiyo nakuandikia.

Nipo.

Penseli